Mwaliko wa Mwanahija

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mwanahija alifagia ua na kuteka maji bila kusukumwa. Taabu ilikuwa akitumwa kwa watu. Mwaka ule wa 1972 alikuwa na miaka kumi na mitatu, na mtaani Bagamoyo walimwita bubu, ingawa nyumbani aliongea kama cherehani.

Harusi ya dada yake, Dija, ilipokaribia, mama alimtuma kualika wanawake. Mwaliko hutolewa kwa mdomo, mlango kwa mlango. Asiyealikwa haji, na huudhika. Mwanahija alisimama kila mlango, akashindwa kupiga hodi, kisha akarudi.

"Nimealika wote, mama," alisema.

Siku ya kuchambua mchele wa harusi hakuja mtu. Mama akashika tama. Mwanahija aliangua kilio, akasema kweli yote.

Mama aliinua mkono, lakini Bi Mgeni, shangazi yake Mwanahija aliyekuwa muuguzi, akamzuia. "Usimpige, wifi. Hofu ya namna hii ni maradhi. Hutibiwa kwa mazungumzo na mazoezi." Akamgeukia msichana. "Ukipiga hodi, unadhani itakuwaje?"

"Nitasahau maneno, shangazi. Watanicheka."

"Twende tukaone kama ni kweli. Usingoje hofu iondoke, nenda nayo."

Walianzia nyumbani kwa shangazi, ambako hakukuwa na mtu, Mwanahija akaujaribu mwaliko. Kisha wakaenda kwa rafiki yake, Mwanamvua. Kila mlango hofu ilipungua kidogo. Kwa Bi Mize, aliyeogopwa kwa ukali, shangazi alibaki nje.

"Hodi!"

"Karibu!" ziliitika sauti nyingi. Kumbe ua ulijaa wanawake wanaosuka ukili wa mikeka!

"Shikamooni. Mama anawasalimu. Anawa..."

Maneno yakampotea. Lile alilolihofia lilikuwa limetokea! Akangoja kicheko. Hakuna aliyecheka.

"Vuta pumzi, mwanangu," alisema Bi Mize. "Tunakusikiliza."

Mwanahija alistaajabu mno. Watu wazima wote hao walikuwa wameacha kazi zao, wakiingoja sauti yake! Akaumaliza mwaliko, na vigelegele vikasikika hadi njiani.

Kesho yake wanawake walijaa hadi nyungo zikawa chache. Mwanahija aliwakaribisha, kisha akamsogelea shangazi.

"Bado naogopa, shangazi," alinong'ona.

"Najua, na tutaendelea na mazoezi. Ulipoificha hofu kwa uongo, ilikua. Ulipoisema, tukaweza kukusaidia. Sasa nenda, wageni wanakuita."

Akaenda.