Mitiki ya Mama na Boti ya Faiba

Kila asubuhi, kule Mlali, mbali na bahari, Devotha alichuma nyanya na mumewe Deogratias akamwagilia kabichi. Nyuma ya nyumba yao ilisimama mitiki aliyoipanda mama yake Deo. Shamba lilikuwa la ukoo wa mama, haliuzwi. Na miti, marehemu alisema, ni ya wajukuu.

Zamani Deo alifanya kazi Dar es Salaam kwenye boti za watalii. Alijua kutweka tanga na kushika usukani. Sasa alitaka boti yake mwenyewe. Akasikia moja inauzwa huko Dar: boti ya tanga ya faiba, ya zamani, yenye jiko na vitanda vinne.

"Nitauza mitiki," alimwambia mkewe.

"Hiyo boti umeikagua?"

"Nimeingia mpaka vyumbani. Inang'aa."

Devotha aliitazama miti.

Jirani yao Ahmadi alikuwa Mzaramo, na Deo Mluguru. Hao ni watani. Hawakupitana bila kutupiana maneno. Kabla ya kuoa Mlali, Ahmadi alikuwa fundi wa boti za faiba. Aliposikia habari alikuja akicheka.

"Wewe mtu wa mlimani, unanunua kaburi linaloelea?"

"Mzaramo, wivu utakuua."

"Tumbo lake umeliona?"

"Nitalionaje? Iko majini."

"Mbuzi unampapasa mbavu, boti unainunua kwa sura. Itoe majini kwanza." Kisha akaimba, akipiga makofi:

"Usinunue kwa rangi, fungua uone ndani,
Chini ndiko kwenye mengi, yasiyosemwa sokoni."

Deo alicheka mpaka akatoka machozi. Maneno ya mtani hayawekwi moyoni. Alimpa chai, wakaagana. Wiki ile mitiki ikaangushwa, na boti ikanunuliwa.

Boti haikumaliza msimu. Siku moja, ikiwa na wageni, upepo ulizidi kidogo tu, na maji yakapanda juu ya sakafu. Boti nyingine iliwaokoa watu wote. Ya Deo ikavutwa hadi ufukweni, ikalala ubavu.

Deo akampigia simu Ahmadi. Ahmadi alipanda basi akaja. Alimsalimia Deo kwa upole, bila utani. Upole ule ulimuuma Deo kuliko matusi.

Ahmadi alishika nyundo ndogo, akagonga tumbo la boti. Ko, ko, ko. Akasogea. Bu.

"Umesikia? Hapa faiba imeachana. Maji yameingia katikati."

Ndani, aliinua mbao za sakafu. "Chovya kidole, onja."

"Chumvi," alisema Deo.

"Yasingekuwa na chumvi, ningesema mvua imepita juu. Hii ni bahari, imepita chini." Akaonyesha boliti kubwa zilizoliwa na kutu. "Hizi zinashika mkuku, ule uzito wa chini unaozuia boti isipinduke. Zimekwisha. Na zile nyaya zinazosimamisha mlingoti, tazama ncha zake. Zimeanza kukatika."

"Haya yote yangeonekana kabla sijanunua?"

"Yote. Unaitoa majini. Unagonga kila mahali, unafungua sakafu, unapanda kutazama nyaya. Injini unaikuta baridi, unaiwasha mwenyewe. Ukikuta imeshapashwa moto, jiulize wanaficha nini. Mwisho unakwenda nayo baharini. Na fundi wa kukagua unamleta wewe, sio muuzaji."

Deo aliinamisha kichwa. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia."

"Ulisema kwa utani."

"Kwani mtani ana mdomo mwingine?"

Kuitengeneza kungegharimu zaidi kuliko kununua nyingine. Deo akauza injini na matanga, naye alimweleza kila mnunuzi ubovu wa kitu anachonunua.

Mwaka uliofuata, Joyce, dada yake Devotha, alitaka kununua boti ya tanga na wenzake. Deo alimwita Ahmadi. Boti ya kwanza ilikuwa na mapazia mazuri. Walipogonga tumbo, ikaitika bu.

"Lakini shemeji, ndani inapendeza," alisema Joyce.

"Hata yangu ilipendeza. Twende."

Ya pili ilikuwa imepauka. Waliitoa majini, wakagonga kote, wakafungua sakafu. Chini kukavu. Injini iliwaka ikiwa baridi. Wakaipeleka baharini, ikaenda vizuri. Joyce na wenzake wakainunua. Nahodha wake ni Deo, na kila asubuhi kabla ya safari huinua mbao za sakafu kwanza.

Boti ya zamani ya Deo ilikatwa vipande. Lori lililopeleka kabichi Dar lilirudi na kipande kimoja cha tumbo. Devotha alikijaza udongo, akapanda miche ya mitiki. Akimwagilia, maji yanatoka kwenye nyufa.

"Angalau miche haitaoza," alisema.

Ahmadi alipita njiani. "Mluguru, kumbe boti yako imepanda mlima."

Deo, aliyekuja nyumbani kupumzika, alikuwa akitazama visiki nyuma ya nyumba. Miche ilikuwa haijafika hata magotini. Mitiki huchukua miaka mingi. Hii hataikata yeye.

"Imepanda, mtani," alijibu. "Karibu. Leo sema, nitasikiliza."