Doa kwenye Kola

Saa saba mchana duka la dawa lililo chini ya jengo la maduka hujaa mpaka mlangoni. Muuzaji wa upande wa ngozi alikuwa amezungukwa na wateja watatu, kila mmoja na chunusi zake, pale mwanamume mmoja mwenye shati jeupe lililonyooka kwa pasi alipopenyeza uso katikati yao na kumwonyesha shavu la kushoto.

“Dada, hili shavu limenishinda. La pili halina neno, ila hili kila siku linaongeza madoa.”

Muuzaji alimtazama kwa makini. Miaka sita kwenye kaunta ile ilikuwa imemfundisha mchezo mmoja, kubahatisha kazi za watu kwa kuangalia ngozi zao, na mara nyingi alipatia.

“Wewe ni dereva,” alisema. Halafu akasita. “Hapana. Dereva jua humchoma shavu la kulia, la dirishani kwake. Wewe unakaa kiti cha abiria kutwa nzima. Nani anakuendesha?”

“Watu wasiojua kuendesha.”

Wateja wakaangua kicheko. Kumbe alikuwa mwalimu wa udereva.

Muuzaji alimpa kichupa kidogo cha seramu ya vitamini C, dawa ya maji ya kufifisha madoa, chenye kifuniko cha kudondoshea. “Asubuhi, uso ukiwa safi na mkavu. Matone manne. Iache ikauke, kisha paka krimu ya kukinga jua, la sivyo unajisumbua bure. Usitarajie miujiza kabla ya miezi miwili. Na kichupa kikae pa baridi, pasipo mwanga.”

Hilo la mwisho halikusikika. Mwalimu alikuwa ameshaanza kutazama vishimo vya mashavu ya dada yule, na mtu akitazama vile masikio hulala.

“Nikiwa na swali?”

“Uliza duka.”

“Duka halina simu?”

Akaandika namba juu ya boksi. Ilikuwa yake mwenyewe, na alijua anachofanya.

Simu ya kwanza iliingia kesho yake asubuhi.

“Daktari, tone moja limeingia sikioni.”

“Sikio nalo litang'aa. Na mimi si daktari.”

“Kwangu mimi ni daktari bingwa. Umekula?”

Ikawa kila siku Daktari, kila siku Mwalimu. Jumamosi wakawa wanakula pamoja, Daktari na kitambaa chake cha zambarau kichwani, Mwalimu na mashati yake meupe yasiyo na mkunjo. Mwezi wa pili ulipoisha madoa yalikuwa yamepungua kidogo, na Daktari alikuwa amependa hadi akaogopa. Alikuwa ameshaachwa mara moja na mtu mwenye majibu mafupi. Kwa hiyo Mwalimu aliposema, “Jumapili ijayo nataka ukamwone mama,” alikubali kwa sauti ndogo, akaenda kucheka peke yake stoo.

“Bosi anataka kunihamishia tawi jipya, mji wa mbali,” Mwalimu aliongeza siku hiyo. “Anataka jibu Jumamosi saa kumi. Nitakataa, mpenzi. Unajua kwa nini.”

Jumanne walikutana mgahawani. Daktari aliinama kumnong'oneza utani, na ndipo alipoliona doa upande wa kushoto wa kola. Lilikuwa la kahawia iliyoelekea chungwa, refu kama kidole. Rangi ile aliijua. Alikuwa ameuza fondesheni ya rangi ile mpaka amechoka.

“Hii nini?”

Mwalimu akavuta kola, akaitazama. “Sijui.”

Katika majibu yote yaliyopo duniani, akachagua hilo. Na wiki ile ile alikuwa na mwanafunzi mpya, dada wa benki mwenye sauti nyororo, ambaye Daktari alikuwa ameshamsikia kwenye simu.

“Kola ina vipodozi vya mwanamke, nawe hujui vimefikaje,” alisema, akichukua pochi. “Basi na mimi sijui kama nitakuja Jumapili.”

“Mpenzi, kaa kwanza.”

Hakukaa. Simu zake hakupokea Jumatano, wala Alhamisi. Ijumaa ukaingia ujumbe: “Kesho saa kumi bosi anataka jibu. Nilikuwa na sababu moja tu ya kubaki. Kama haipo tena, niambie.” Aliusoma mara tatu, akalia kidogo, akaweka simu chini ya mto bila kujibu.

Jumamosi, saa tisa na nusu, mama mmoja wa makamo aliweka kichupa juu ya kaunta kwa hasira. “Mwanangu, mmeniuzia kitu kibovu. Kilikuwa kama maji, sasa tazama.”

Daktari alikuwa na maneno yake tayari, aliyokuwa akiyasema kila mwezi. “Shikamoo, mama. Hii ni vitamini C, haipendi joto wala mwanga. Ikikaa juani inageuka rangi kama chai. Kazi yake imekwisha, na itakuchafulia tu. Inatia doa kwenye foronya, kwenye taulo, kwenye kola...”

Akakiinua kichupa kwenye mwanga wa taa.

“Kwenye nini, mwanangu?”

“Kwenye kola, mama.” Aibu na furaha vilimjia kwa wakati mmoja. “Unisamehe, mwenzangu huyu atakuhudumia.”

Alitoka na koti lake jeupe la kazini, akipiga simu huku anakimbia. Haikupatikana. Mwalimu alikuwa na sheria yake, simu huzimwa mwanafunzi akishika usukani. Kiwanja cha mafunzo kilikuwa mitaa minne kutoka pale, na ile mitaa siku hiyo ilikuwa imeongezeka urefu. Alifika viatu mkononi. Gari lilikuwa linatambaa katikati ya koni za plastiki, na yeye akaenda moja kwa moja kusimama mbele yake.

Mwanafunzi, baba mmoja mnene mwenye jasho, alikanyaga breki na gari likazima.

“Kichupa chako kiko wapi?” Daktari aliuliza dirishani, bila salamu.

Mwalimu alimtazama, kisha akafungua kidroo kilicho mbele ya magoti yake. Kichupa kilikuwa kimelala juu ya karatasi, cheusi kama chai iliyosahauliwa jikoni. “Napaka humu humu, kabla ya mwanafunzi wa kwanza. Nyumbani mama angenicheka, mwanamume mzima na vichupa.”

“Gari linakaa juani kutwa. Nilikwambia ukiweke wapi?”

“Sikumbuki. Nilikuwa natazama vishimo vya mashavu yako.”

Daktari alikichukua, akadondosha matone mawili kwenye kola ya koti lake. Yakaenea taratibu, kahawia iliyoelekea chungwa.

“Fondesheni yenyewe ndiyo hii,” alisema. “Nilikuhukumu kwa kitu nilichokuuzia mwenyewe. Nisamehe.”

“Siku nne, Daktari. Siku nne natafuta kosa langu silioni.”

“Najua. Nisamehe.”

Mwalimu akatazama saa. “Zimebaki dakika tano. Nikamwambie nini bosi?”

“Mwambie unabaki.”

“Kwa sababu gani?”

“Shavu halijapona.”

“Haitoshi hiyo.”

“Kwa sababu nakupenda, na shavu hilo nataka nilitazame mpaka lizeeke.”

Mwalimu akashuka garini, akamshika mikono yote miwili, viatu na vyote. “Basi tuoane.”

“Unanichumbia mbele ya mwanafunzi?”

“Mimi sisikii kitu, shemeji,” baba mnene alisema kutoka ndani. “Mimi nimekanyaga breki tu.”

Daktari alicheka huku machozi yanamtoka. Alisema ndiyo mara mbili, ya pili kwa ajili ya shemeji. Kisha akamsukuma Mwalimu kuelekea ofisini kabla saa haijafika.

“Kuna jambo moja,” Mwalimu alisema akirudi nyuma nyuma. “Mama ndiye anayefua mashati yangu. Doa aliliona.”

“Akasemaje?”

“Alifurahi. Anamsubiri kwa hamu huyo mwenye fondesheni.”

Jumapili mama mtu alimpokea mlangoni, akamkumbatia, akamvuta penye mwanga. Akampitisha kidole gumba shavuni, polepole, akakitazama kidole. Kilikuwa safi. Akamgeukia mwanawe kwa macho makali.

“Huyu siye. Wa kwenye kola yuko wapi?”

Daktari akafungua pochi, akatoa kichupa cheusi, akamwekea kiganjani.

“Ni huyu, mama. Na nimeshamshusha garini.”