Mama Mkwe Yuko Sebuleni

"Mama Mkwe yuko sebuleni. Narudia. Mama Mkwe yuko sebuleni."

Kiberiti alirudisha kipaza sauti cha redio mahali pake, akatazama kioo cha ndani.

Nyuma ya Land Cruiser walikaa wageni watatu. Daktari wa meno mstaafu. Mkewe, ambaye tangu asubuhi alikuwa amempiga swala mmoja picha mia mbili. Na kwenye kiti cha mwisho, Mtazama Ndege: bwana mkimya mwenye darubini ya Swarovski, aliyesema siku ya kwanza kwamba Kiswahili anajua maneno mawili tu. Jambo na asante.

Madereva wa mbugani hawataji mnyama redioni. Ukisema simba, mgeni anaruka kitini, na simba akiondoka lawama ni zako. Kwa hiyo tembo ni Masikio, simba ni Sharubu, chumvini wanakolamba wanyama ni sebuleni. Majina hubadilishwa kila Jumatatu.

Lakini faru wawili walikuwa wameshauawa, pembe zikaondoka kabla askari hawajafika. Kuna dereva aliyekuwa akiwauzia majangili majina.

Ndiyo maana Ghorofa ya Nne, ofisi ya ujasusi ya serikali, ilimtuma Kiberiti, jasusi wake, akaendeshe watalii.

Jumatatu hii zamu ya kutunga jina la faru ilikuwa yake. Madereva watatu aliwanong'oneza kila mmoja jina tofauti. Juzi alitangaza jina la kwanza redioni. Mtazama Ndege, aliyeshukiwa kuwa ndiye mnunuzi, akaendelea kutazama ndege. Jana, la pili. Bado ndege.

Mama Mkwe lilikuwa la tatu. Faru haoni vizuri, hasira karibu, akipita kila mtu anampisha. Alimpa dereva wa tatu, Mjomba wake, kaka wa mama yake, na wote wawili wakacheka hadi machozi.

Alimweka wa mwisho makusudi. Alitaka kumfuta kwenye orodha ya washukiwa.

Kiooni, Mtazama Ndege alishusha darubini. Akatoa kifaa cha setilaiti. Kidole gumba kikabonyeza mara chache, kikatulia.

Kiberiti alifungua kifuniko cha chupa ya chai. Haikuwahi kutiwa chai.

"Imepoa," aliinong'oneza chupa.

Sauti ya Mkuu wa Ghorofa ya Nne ikamjibu sikioni. "Ya nani?"

"Ya wa tatu."

"Mjomba wako yule?"

"Ndiyo, Mkuu."

"Nimtume mtu mwingine?"

"Hapana."

Alisubiri moyo ushtuke. Haukushtuka. Ulikaa tu kifuani kama begi la mgeni aliyesahau kulichukua.

Chumvini hakukuwa na faru. Kulikuwa na askari kumi, wamelala kifudifudi nyuma ya mawe. Baada ya dakika ishirini pikapu ikafika na wanaume watatu, bunduki na msumeno. Ikasikika risasi moja tu. Ilipiga kichuguu.

Mtazama Ndege aliisikia pia. Akaelewa. Mkono wake ukatoka kwenye mfuko wa lenzi ukiwa na bastola, Beretta.

"Zima gari."

"Kiswahili chako kimekua ghafla, mzee."

"Zima."

Kiberiti alitii. Alikanyaga breki kwa miguu miwili.

Mtazama Ndege aliruka viti viwili bila mbawa. Lenzi ya mke wa daktari, nzito kama jiwe la kusagia, ikamtua kwenye kifundo cha mkono. Bastola ikaanguka. Kiberiti akaiokota, akamfunga mikono kwa mkanda wa plastiki.

Daktari wa meno alikohoa. "Samahani, dereva. Hii nayo imo kwenye ratiba?"

"Imo, daktari. Baada ya hii ni chakula."

Kambini, Mjomba alikuwa pale wanapooshea magari, akikung'uta mikeka ya miguuni. Mama wa Kiberiti alipofariki, huyu ndiye aliyembeba mgongoni kutoka makaburini. Huyu ndiye aliyemfundisha gia, akimkalisha juu ya mito miwili ili aione barabara.

"Mpwa wangu. Mbona mapema?"

"Mama Mkwe amepata wageni, Mjomba."

Mkeka ulisimama hewani.

"Hilo jina ulimwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Wenzangu?"

"Wao niliwapa mengine."

Mjomba alitandaza mkeka juani, akaunyoosha pembe zote nne. Hakuwa na haraka.

"Sijamgusa mnyama hata mmoja," alisema. "Nilisema neno tu."

"Neno tu, Mjomba."

"Kumbe siku zote hizi hukuwa dereva."

"Dereva ni wewe uliyenifanya. Hayo mengine nilifundishwa na serikali."

Mzee alitoa mikono mwenyewe. Ilikuwa bado na povu. Kiberiti aliifuta kwa shati lake kwanza, kisha akafunga pingu, akaacha nafasi ya kidole kimoja.

Askari walipomwongoza, Mjomba aligeuka. "Gurudumu lako la nyuma, kushoto. Nati zimelegea. Nimekuwa nikilisikia tangu jana."

"Sawa."

Kiberiti alichukua spana. Akapiga magoti. Zilikuwa zimelegea kweli, mbili. Akazikaza moja moja, mpaka spana ikagoma.

Redio ikakoroma. "Masikio darajani. Masikio na watoto."

Wageni wake wawili walikuwa wameshakaa vitini, lenzi magotini, wakimsubiri.

"Nimekusoma," alisema Kiberiti, akavaa miwani ya jua, akawasha gari.