Mgeni wa Sandukuni

Wegesa aliipua sufuria ya uji kwa mkono mtupu. Aliibeba kutoka mafigani mpaka nje penye ghala, akaitua bila haraka, na aliyepiga kelele alikuwa mama yake, Philomena, aliposikia harufu ya ngozi inayoungua.

"Wegesa! Huoni unaungua?"

"Naona," alisema. "Lakini sisikii kitu."

Ganzi ilikuwa imeanzia kidole cha mwisho. Wegesa, msichana wa kwanza wa kijiji chao huko Itiryo kuingia chuo kikuu cha serikali, Dar es Salaam, alisomea tiba ya viungo, kazi ya kuwarudishia watu nguvu za mikono na miguu iliyolegea. Likizo ile ya mwaka 1977 chuo kilimwazima sanduku lenye mifupa ya mkono wa kulia wa mtu, kutoka begani mpaka ncha za vidole. Akirudi angefungwa kitambaa machoni, apapase mkono wa mgonjwa, ataje kila mfupa. Akishindwa, masomo yameishia hapo.

Basi alisoma. Alishika mfupa mmoja mmoja, akauita jina mpaka ukamkaa kichwani. Na kila mfupa alioujua vizuri, kesho yake wa kwake ulikufa ganzi. Kidole, kiganja, kifundo. Mwenye akili zake angeacha. Yeye aliendelea, maana mtihani ni mtihani.

Jioni, ng'ombe wakirudi, sanduku lilianza kugonga. Ta. Ta. Ta. Lilikuwa chini ya kitanda, limefungwa kwa kamba, na bado liligonga kwa adabu, kama mgeni anayebisha hodi kwa mgongo wa kidole, na harufu ya dawa ya kuhifadhia maiti ikatoka mle chumbani, ikapita jikoni, ikaingia kwenye ugali na kwenye maziwa, ikawafuata mama na binti mpaka nje walikokaa wamebanana, hakuna anayethubutu kumwambia mwenzake kwamba amesikia.

"Huyu mtu ni wa nani?" Philomena alinong'ona.

"Ni mifupa ya kusomea tu, mama."

"Nimekuuliza ukoo wake."

"Hana. Chuoni hakuna anayejua hata jina."

Philomena aligeuka kutazama zizi. Tangu walipopakiwa kwenye malori kuhamia kijiji cha ujamaa, kaburi la mumewe lilibaki kule kwenye mahame, boma lao la zamani. Lango la zizi jipya, mahali wanapozikwa wanaume wa nyumba, halikuwa na mtu wao aliyelala hapo. Tena hakuwa amezaa mtoto wa kiume, na hilo lilimuuma kila siku.

Asubuhi akaitwa mzee Mwikwabe, mganga.

"Shikamoo, mzee," Wegesa alisema.

"Marahaba, binti. Leta huyo mgeni wako."

Mwikwabe aliliweka sanduku juani, akalifukiza majani machungu.

"Mura, kijana wangu," aliliuliza kwa sauti ya chini, "wewe ni wa nani?"

Kugonga kukakoma. Ndani kukasikika kitu kikijikunja polepole, vidole vikifumba ngumi.

"Hana kwao," Mwikwabe alisema. "Mzikeni nje ya boma, kama mpita njia. Mpeni pombe, mumuage. Asiingizwe ndani."

Mzee alikwenda kutafuta kibuyu. Aliporudi, Philomena alikuwa ameshachimba shimo penye lango la zizi, amefukia, anasawazisha udongo kwa viganja.

"Lala, mwanangu Machage," alikuwa akisema. "Hapa ni kwenu."

Kibuyu kilimponyoka mzee. "Mama, umemwita nani?"

"Nimempa jina. Kosa langu ni nini? Sina mtoto wa kiume."

Hapo hapo Wegesa alipiga yowe. Mkono ulikuwa umezinduka, na maumivu yote ya sufuria ile yakamjia kwa wakati mmoja. Alilia kwa furaha. Mwikwabe peke yake hakufurahi. Alichukua fimbo yake akaenda zake.

Siku ya kurudi chuoni, Wegesa alibeba begi lake. Alipovuka lango la boma, vidole vilikufa. Akapiga hatua, kikafa kifundo, kikafa kiwiko, begi likaanguka, na ganzi ikapanda begani ikaelekea shingoni na kifuani, mahali ambapo pumzi yenyewe ilianza kusahau njia, mpaka akajitupa nyuma, ndani ya boma. Mkono ukaamka.

"Mama," alisema, "anataka nini?"

Philomena alijibu bila kumtazama. "Machage amefika umri wa kuoa. Kaka huoa kwa ng'ombe wa mahari ya dada yake. Hata akiwa chini ya udongo, mke huletwa kwa jina lake, akazaa, nyumba isizimike. Ndivyo tulivyo."

"Na chuo?"

Mama alitoka nje ya lango, akaliokota begi, akalirudisha nyumbani. Wegesa alingoja machozi yaje, hayakuja. Safari hii ganzi ilikuwa moyoni.

Posa ya Wegesa ilipokubaliwa, ng'ombe wa mahari waliletwa asubuhi, wamenona. Waliingia mmoja mmoja, na kila aliyepita langoni, chini ya udongo kidole kiligonga. Ta. Ta. Ta.

Philomena alikuwa akitabasamu. Wegesa alikuwa ameushika mlango wa zizi kwa mkono wake wa kulia, mzima kabisa, akiwafungulia.