Goti la Kimbunga

Foleni ya kuingia ukumbini ilikuwa imejikunja mara mbili kuuzunguka ukuta, na jua la saa nane mchana halikumhurumia mtu. Mwanamke mmoja mwenye gauni la manjano lenye mifuko, raba nyeupe, na kilemba kilichofungwa haraka haraka kama mzigo, alisimama akiandaa simu yake. Kwenye kioo palikuwa na saa ya kuhesabu sekunde, imesimama kwenye sifuri.

"Samahani bibie," sauti ilisema nyuma yake, "unampima nani mbio?"

Aligeuka. Mwanamume mrefu, ovaroli ya buluu iliyokunjwa mikono, ndevu zilizochongwa vizuri. Alinukia sabuni, na chini ya sabuni, grisi.

"Simpimi mtu mbio. Napima mapambano. Pambano likipita dakika kumi na tano, hapo nimeibiwa."

"Dakika kumi na tano? Huo si utangulizi tu huo?"

"Utangulizi wa nini? Wanaume wawili wamekumbatiana sakafuni wanahema, halafu niambiwe ni hadithi?"

"Ndiyo hadithi yenyewe. Tatizo lako unataka mwisho kabla ya mwanzo."

"Tatizo langu Jumatatu nina kazi, na mgongo wangu si wa kukalia benchi la mbao kutwa."

Watu wa foleni walicheka. Walikuwa wanamjua. Walimwita Mama Saa, na kila Jumamosi baada ya maonyesho waliingia kwenye kundi lao la simu kusoma hukumu yake: pambano la kwanza dakika tisa, safi, la pili ishirini na mbili, wapunguze. Hii ilikuwa mieleka ya ukumbi mdogo, isiyofika kwenye televisheni. Wanamieleka wake siku za kazi walikuwa makondakta, wauza simu na walimu. Kila shabiki alijua kwamba mshindi hupangwa kabla. Hawakuja kujua nani atashinda. Walikuja kuona atashindaje.

Yule mwanamume alikaa benchi moja naye bila kukaribishwa. Alikuwa fundi wa lifti, alisema, na Mama Saa akamwambia kwamba yeye ni mpiga picha za eksirei hospitalini, ana diploma, ana binti wa miaka kumi na moja, na mume aliyekuwa naye walishaachana. Alipenda kuyasema yote mapema, ili mwenye kukimbia akimbie.

Fundi hakukimbia. Pambano la tatu lilipovuka dakika ya kumi na tano, na Mama Saa akaanza kuguna, alimwinamia sikioni.

"Mwangalie yule mnene, mkono wa kushoto. Uligongwa dakika ya tatu. Sasa amejaribu kumnyanyua mwenzake mara mbili, ameshindwa. Unaona? Hajasahau. Atautumia wa kulia, na wa kulia ndio mbovu zaidi."

Ikawa hivyo hivyo. Mnene aliponyanyua kwa mkono wa kulia na kuanguka, ukumbi mzima ulisimama, na Mama Saa alisimama nao. Aliporudi kukaa aliona kwamba amesahau kuisimamisha saa.

"Dakika ngapi?" Fundi aliuliza, akijifanya hajui.

"Nyamaza wewe."

Wiki saba zilizofuata walikaa benchi moja. Katikati ya wiki walipigiana simu.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula. Wewe uko wapi, mbona kuna mwangwi?"

"Niko juu ya lifti, ghorofa ya nne."

"Juu ya lifti, na simu mkononi? Kata, usije ukaletwa kwangu nikupige picha ya fuvu."

"Nikiletwa utanipokea?"

"Nitakupokea kwa namba, kama wagonjwa wengine. Kata!"

Alikuwa amejiapiza kwamba biashara ya wanaume ameifunga. Lakini wiki ya nane alijikuta ananunua vitambaa vipya vya meza. Alimwalika Fundi nyumbani Jumamosi jioni, baada ya maonyesho, aje kumwona binti yake. Mwanamke aliyeachika hamleti mwanamume mbele ya mtoto kwa majaribio. Akimleta, ameshaamua. Fundi alilielewa hilo, na alikubali kwa sauti ya chini isiyo na utani.

"Ila Jumamosi hatutakaa pamoja," aliongeza. "Nina kazi kidogo, tutaonana baada ya onyesho. Usikose pambano la mwisho. Limepangwa dakika ishirini na nane. Nataka uniambie ukweli wako wote."

"Ishirini na nane! Nije na mto?"

"Njoo na macho."

Pambano la mwisho lilikuwa la wanawake. Mmoja alikuwa msichana mgeni, miguu ikimtetemeka, na mwingine alikuwa Kimbunga, mwenye mabega ya mbeba mizigo na vazi jekundu lililoshonwa shanga kiunoni. Kimbunga alimbeba yule mgeni kama mwalimu anayemshika mkono mwanafunzi. Kila kosa la msichana yule aliligeuza likaonekana ujanja. Dakika ya kumi na saba aliruka kutoka kwenye kamba ya juu, akatua, akaanguka ameshika goti.

Akalala. Mwamuzi alimwinamia, kisha akainua mikono juu ya kichwa na kuipishanisha, alama ya kuzidisha. Kwenye mieleka alama hiyo ina maana moja: huyu ameumia kweli, hadithi imekwisha. Lakini mwezi mmoja nyuma kikundi kingine kilikuwa kimeitumia kwa uongo, ili kuwatisha watazamaji, na Mama Saa alikuwa ametoa machozi ya kweli kwa ajili ya uongo huo. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Safari hii alikunja mikono, akaitazama saa.

Dakika nne zikapita. Kisha Kimbunga akamsukuma mwamuzi, akasimama, akachechemea dakika tano nyingine, akamwacha yule mgeni ambwage na kumshinda kwa hesabu ya tatu.

"Mnaona?" Mama Saa aliwaambia wa jirani. "Aliyevunjika kweli husimama?"

Akiwa bado kwenye benchi aliandika kwenye kundi: *Dakika ishirini na sita, nne kati ya hizo mtu amelala anakuna goti. Hiyo si hadithi, ni usingizi. Na alama ya kuzidisha ya uongo ni kututukana.* Halafu, kwa sababu watu walianza kucheka na kicheko kina ulevi wake, akarekodi sauti: "Uuuwi, goti langu, uuuwi, niletewe chai!" Watu arobaini wakaweka vikaragosi vya kucheka.

Alimsubiri Fundi mlangoni mpaka ukumbi ukafungwa. Nyumbani, chakula kilifunikwa kwa vile vitambaa vipya. Simu ya Fundi iliita bila kupokelewa, mara ya tano ikazimwa kabisa.

"Mama," binti yake alisema, "mgeni wako kapotea njia?"

"Kula."

"Nakula. Nauliza tu."

"Uliza ukimaliza kutafuna."

Jumatatu saa nne asubuhi, Mama Saa akiwa na aproni yake nzito ya kuzuia mionzi, mlango wa chumba cha eksirei ulisukumwa na kiti cha magurudumu. Kwenye kiti alikaa mwanamke mwenye mabega ya mbeba mizigo, mguu umefungwa ubao. Aliyesukuma kiti alikuwa Fundi.

Fundi alimtazama kama mtu aliyefungua lifti akakuta shimo.

"Mgonjwa ni nani wako?" Mama Saa aliuliza. Ndilo swali lililokuwa kwenye fomu.

"Dada yangu. Mdogo wangu wa pekee."

"Subiri nje."

Alifanya kazi. Aliuliza kama kuna mimba, akaambiwa hakuna. Aliweka sahani ya picha chini ya goti, akalinyoosha taratibu mpaka mgonjwa akauma meno, akaenda nyuma ya kioo, akabonyeza. Picha ilipotokea aliisogelea. Pia ya goti ilikuwa imepasuka vipande viwili, mstari mweusi ukipita katikati, na vipande vimeachana upana wa kidole.

"Ulitembea na hili?" aliuliza. "Hospitali siku mbili baadaye?"

"Jumamosi zahanati walinipa dawa na ubao, mashine yao ilikuwa mbovu. Na kutembea, nilitembea dakika tano." Kimbunga alimwangalia vizuri. "Wewe ndiye Mama Saa? Nimekujua kwa sauti. Ulipiga 'uuuwi' vizuri kuliko mimi."

Mama Saa alivuta kiti akakaa.

"Kwa nini ulisimama?"

"Yule binti ilikuwa siku yake ya kwanza. Ningebebwa pale, angeitwa aliyemvunja Kimbunga mpaka azeeke. Ilibidi anishinde kwanza." Alicheka kidogo. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, wifi. Au bado hujawa wifi?"

"Nisamehe," Mama Saa alisema. "Nilitazama mfupa uliovunjika nikaona maigizo. Na hii ndiyo kazi yangu. Nataka kuliandika kule kule nilikokucheka, lakini picha yako ni siri yako. Bila ruhusa yako sigusi."

"Andika. Waambie wote. Na uache zile 'uuuwi', zilinichekesha hata goti likazidi kuuma."

Fundi alikuwa kwenye benchi la korido, kofia mkononi.

"Ungeniambia ni dada yako," Mama Saa alimwambia.

"Ungesifu."

"Mimi? Nisifu kwa sababu ya dada wa mtu?"

Mdomo wa Fundi ulitaka kucheka, akaukataza. "Nilitaka ukweli wako. Nimeupata. Nilikuwa nimemshika mguu nyuma ya pazia, analia, nikafungua ujumbe wa kundi, ikacheza ile sauti yako. Yeye akasikia. Kukosea si kitu. Kila mtu anakosea. Lakini ulicheka."

"Nilicheka," alikubali.

Fundi aliingia kumchukua dada yake, akasukuma kiti, wakaondoka.

Mchana ule, kwenye mapumziko, aliandika: *Jumamosi nilisema Kimbunga alijilaza. Nilikosea. Goti lilivunjika kweli, nimeliona, naye ameniruhusu kusema. Alisimama juu ya goti lililovunjika dakika tano ili mwenzake asibebeshwe lawama. Hiyo ndiyo hadithi bora niliyowahi kuiona ukumbini, na mimi nilikuwa naangalia saa. Namwomba radhi yeye na ndugu yake.* Hakuna aliyeweka kikaragosi. Baada ya muda, mmoja aliandika: *Tulicheka wote, mama.* Kisha mwingine, na mwingine.

Fundi hakuandika chochote. Jumanne ikapita kimya. Jumatano Mama Saa aliomba ruhusa ya saa mbili, akavaa blauzi ya kijani iliyopigwa pasi na sketi nyeusi, akaenda kwenye jengo la ofisi ambalo Fundi alikuwa amemtajia kwamba anatengeneza wiki ile. Lifti ilikuwa imefungwa kwa utepe. Alipanda ngazi ghorofa sita. Kwenye ghorofa ya sita milango ya lifti ilikuwa wazi, na Fundi alikuwa amepiga magoti ukingoni, mikono ndani ya kisanduku cha nyaya.

"Nimepanda ngazi mia moja na nane," alisema akihema. "Kama ni kunifukuza, nifukuze nikishapata pumzi."

Fundi alitoa mikono, akaifuta kwenye kitambaa polepole, kidole kwa kidole.

"Niliusoma ujumbe wako," alisema. "Dada anasema nikikuacha atanipiga kwa magongo."

"Na wewe unasemaje?"

Fundi alikikunja kitambaa. "Unajua nani alipanga zile dakika ishirini na nane? Mimi. Tulikaa mezani nyumbani wiki tatu, mimi na yeye. Alitaka kumi na nne, mimi nikasema hapana, twende mbali. Akaumia ya kumi na saba, amechoka. Angefuata kipimo chako, leo angekuwa kazini kwake. Sikukukasirikia wewe peke yako, mpenzi. Nilisikia sauti yako, nikasikia kwamba ulikuwa sahihi tangu foleni."

Hapo palikuwa na ushindi wa bure, umewekwa mbele yake kama chai. Siku nyingine angeunywa.

"Hapana," Mama Saa alisema. "Goti halisomi saa. Niliiangalia ile picha mara sita. Mfupa umepasuka kwa kugonga sakafu moja kwa moja, si kwa uchovu. Kwa kutua vile, hata dakika ya pili ungepasuka. Ningekuwa naona vingine ningekwambia, unanijua."

Mabega ya Fundi yalishuka, kama mtu aliyekuwa ameshika kitu kizito tangu Jumamosi na sasa ameambiwa anaweza kukiweka chini.

"Nakujua," alisema. "Ndiyo maana nakuamini."

"Basi."

"Tuoane."

"Unasemaje?"

"Tuoane. Umesikia. Mtu anayeweza kunisuta akiamua, na hakufanya hivyo, nimtafute wapi mwingine?"

Mama Saa alitazama mikono ile yenye grisi, akatazama blauzi yake safi, akaishika mikono hivyo hivyo. "Utakuja kwanza kumwona binti yangu. Leo jioni. Akikukataa, tutaanza upya na yeye."

"Akinikubali?"

"Akikubali, na mimi nimekubali."

Bibi mmoja mwenye mkoba na kiatu kimoja mkononi alikuwa amesimama ngazini, amepumzika kwa kuegemea ukuta, amesikia yote.

"Hongereni wanangu," alisema. "Ndoa tumeielewa. Lifti lini?"

"Saa tisa, mama," Fundi alijibu.

Akarudi kupiga magoti ukingoni. Mama Saa alichukua tochi iliyokuwa sakafuni, akapiga magoti pembeni yake kwa sketi yake nyeusi, akamulika pale alipoonyeshwa.