Mfungwa wa Badala

Jumatatu asubuhi, mwaka 1976, Muzee Damien aliingia katika uwanja wa kasho, jela ndogo ya Himbi, akiwa na fimbo yake ya kuchungia ng'ombe, akaomba aletewe Paul. Huyu Paul ndiye aliyemkata ng'ombe wake mguu kwa panga, alipomkuta anakula maharage yake kule Mugunga. Mlinzi aliyeitwa Florent alifungua mlango na kumtoa mtu mrefu mwenye shati la bluu, shati lilelile ambalo Paul alikamatwa nalo. Muzee alimtazama mtu yule juu hadi chini, kisha akamgeukia mkuu wa kasho, Komanda Édouard.

"Huyu haiko Paul," alisema. "Paul namujua. Huyu ni mutu mwingine."

Komanda alicheka kwanza. Halafu akaacha kucheka, akamsogelea mfungwa na kumkazia macho, na rangi ikamtoka. Mtu yule alifanana na Paul kwa urefu, pua na paji la uso, lakini ndevu zake zilikuwa na mvi, na Paul hakuwa na mvi hata moja. Alipoulizwa jina lake, mtu yule alijibu kwa utulivu kwamba yeye ni Paul. Aliulizwa tena na tena, mara kwa kelele na mara kwa kofi, na kila mara alikuwa Paul.

Pale kasho kulikuwa na sheria moja ambayo Komanda aliitunga mwenyewe na kuipenda kama mwanawe: mlinzi akipoteza mfungwa, anaingia yeye pahali pa mfungwa. Florent ndiye aliyekuwa zamuni Jumamosi, siku ambayo wafungwa hutolewa kwenda kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha barabara pamoja na raia wengine. Kwa hiyo Komanda hakuhitaji kufikiri sana. Alitangaza mbele ya wote kwamba kama Paul hataonekana hadi Jumamosi inayofuata, basi Florent ataenda kwenye salongo akiwa mfungwa, na atabaki kuwa mfungwa. Florent alikuwa na mke mja mzito na mama mzee wa kulisha. Alisimama pale akishika funguo kwa mikono miwili.

Kesi ilipewa Inspekta Kamate. Kwenye karatasi aliitwa Kamate tu, maana serikali ilikuwa imepiga marufuku majina ya ubatizo, ingawa nyumbani alibaki Julien na hakuna aliyekufa kwa ajili hiyo. Alikuwa Mnande wa Butembo, mfupi, mwenye ugonjwa mmoja usio na dawa: udadisi. Mkewe alizoea kusema kwamba angekutana na mbuzi njiani, angemuuliza anatoka wapi.

Alianza na Florent, kwa kuwa wote walikuwa wamekwisha kumhukumu. Walinzi wenzake walimnong'oneza Kamate kwamba Florent ana viatu vipya, na mshahara wa mlinzi unajulikana. Kamate alivitazama viatu vile. Vilikuwa vikubwa kuliko miguu ya mwenyewe, vimejazwa matambara mbele. Alikwenda kwa mjomba wa Florent, mfanyabiashara wa maharage, akamkuta hana viatu vya kutokea, akaambiwa vyake alimwazima Florent tangu Pasaka na hajarudishiwa. Mtu aliyekula rushwa angenunua viatu vinavyomtosha.

Alirudi kwa Florent na kumwomba asimulie Jumamosi ile hatua kwa hatua. Florent alisema wafungwa walikata majani kando ya barabara, katikati ya raia wengine, kila mtu na nguo zake, kwa maana kasho haikuwa na sare. Walipotoka walihesabiwa vichwa, waliporudi walihesabiwa vichwa, na hesabu ilikuwa sawa.

"Vichwa mulihesabu," alisema Kamate. "Sura je?"

Tangu Florent aanze kazi ile hakuna aliyewahi kumwambia ahesabu sura.

"Na wewe, uliacha fasi yako?"

"Mara moja tu, inspekta. Mama Laurence aliniita nimusaidie toroli yake, ilikwama mu mawe. Bibi ya komanda akikuita, utamuambia hapana?"

Kamate aliuliza kama Mama Laurence, mke wa Komanda, huja kwenye salongo kila Jumamosi. Florent alisema hapana, kila mara alimtuma mfanyakazi wake wa nyumbani. Siku ile alikuja mwenyewe, na jembe begani. Kisha akaongeza jambo lingine, kwa aibu kidogo, akidhani halina maana. Séraphine, mke wa Paul, alizoea kumletea mumewe chakula na kula naye sahani moja, wakichekana hadi walinzi wakaona wivu. Lakini tangu Jumapili alikuwa anaweka kikapu chini kwa mikono miwili, anarudi nyuma, anageuza mgongo huku mfungwa akila. Florent aliona wamegombana.

Saa sita Kamate alikwenda kujionea. Séraphine alikuja na ugali na sombe ya majani ya muhogo, akaweka kikapu chini, akageuka akatazama ukuta. Mtu mwenye shati la bluu alikula haraka, naye hakumtazama. Kamate alikuwa amekaa mtaa wa Mapendo miaka mingi na watu wa Masisi, kama Paul na mkewe, na alijua kwao mwanamke hamgeuzii mumewe mgongo namna ile. Ile ilikuwa heshima ya mkwe. Mwanamke humpa baba wa mumewe, au kaka mkubwa wa mumewe.

Bado hakujua sababu. Mlinzi mmoja alimwambia amtafute Muzee Damien, huenda yeye ndiye aliyemwiba Paul akamuue kwa ajili ya ng'ombe wake. Lilikuwa wazo la kijinga, maana mwuaji hangekuja mwenyewe kupiga kelele, lakini Kamate alimtafuta Muzee hata hivyo ili amuulize swali ambalo hakuna aliyemuuliza: Jumatatu alikuja kasho kufanya nini?

Muzee aliinamisha kichwa. Alieleza kwamba Jumapili, kanisani, alisikia mtoto wa kwanza wa Paul amefariki. Yeye na Paul walikuwa maadui kwa sababu ya ng'ombe, lakini ng'ombe mwingine atazaliwa. Alikuja kufuta mashitaka yake na kumpa Paul mkono wa pole. Hakujua kwamba kinywa chake kingemfunga mtu mwingine, na tangu siku ile usingizi ulikuwa umemkimbia.

Sasa Kamate aliona njia. Alikwenda Mapendo, akamkuta Séraphine nyumbani na mtoto mchanga mgongoni, kichwa kimenyolewa chini ya kitambaa. Hakumtisha. Alimpa pole, akakaa kwenye jamvi, akangoja. Mwishowe mama yule alizungumza. Mtoto alikufa Ijumaa alfajiri. Alikimbilia kwa Komanda kuomba Paul apewe ruhusa ya kwenda kuzika Masisi, kwenye udongo wa babu zake, akafukuzwa kabla hajamaliza. Ndani ya ofisi walikuwa watatu tu: yeye, Komanda, na mke wa Komanda aliyekuwa analeta chai. Jioni ile mtu alimjia nyumbani na mpango. Mtu gani? Hapo Séraphine alifunga mdomo. Kamate alimuuliza tu kwa nini hakwenda kumzika mtoto yeye mwenyewe.

"Mimi nilikuwa naye mpaka pumuzi ya mwisho," alisema. "Baba yake hakumuona. Ni yeye alipashwa kwenda. Na kama sileti chakula, watajua."

Kamate alirudi nyumbani. Usiku hakula, na mkewe akajua asimuulize.

Kesho yake aliingia ndani ya kasho akakaa chini karibu na yule mtu wa shati la bluu. Alimwita kwa jina alilolisikia kwa majirani wa Séraphine, Sibomana, kaka mkubwa wa Paul, aliyekuja na lori kutoka Masisi kuchukua maiti. Mtu yule hakukana tena. Kamate alikuwa na swali moja lililomsumbua: kwa nini yeye, mkubwa wa ukoo, asingezika mwenyewe na kumwacha mdogo wake atulie kifungoni?

"Ku kasho naweza kukaa fasi yake," alisema Sibomana. "Ku kaburi ya mutoto wake, siwezi."

Alisema Paul atarudi Jumamosi, wakati wa salongo, wabadilishane tena. Kamate alimwamini, ila kuamini si ushahidi, na Florent alikuwa amekwisha kuanza kumfundisha mkewe pa kuficha unga.

Jumamosi wafungwa hawakutolewa. Komanda aliwapanga wote uwanjani: walinzi, Séraphine, Muzee Damien, na mkewe mwenyewe aliyekuja kusimama mlangoni. Alimwamuru Florent avue mkanda. Kamate akaomba kusema kwanza.

Alieleza yote kwa utaratibu, kifo, ombi lililokataliwa, shati lililobadilishwa nyuma ya mawe ya volkano wakati mlinzi ameitwa.

"Aliyemuita mulinzi ndiye aliyetunga mupango," alisema. "Ni mutu mwenye hajawahi kushika jembe siku ya salongo, ila siku ile. Na ni yeye tu, zaidi ya mama Séraphine na wewe, komanda, aliyesikia unakataa."

Hakumtaja. Hakukuwa na haja. Mama Laurence alitoka mlangoni, akapita mbele ya mumewe.

"Ni mimi nilipoteza mufungwa," alisema. "Sheria ni yako. Fasi ya Florent naingia mimi."

Aliingia kasho, akakaa sakafuni kando ya Sibomana, akakunja kitenge chake vizuri. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu: Komanda alifungua kinywa na sheria yake haikutoka. Alimuuliza mkewe kwa sauti ya chini ni nini alichomkosea.

"Mutoto wetu alikufa Bunia, wewe wamekutuma Isiro," alisema Mama Laurence. "Uliomba ruhusa, mukubwa wako akakataa. Nilimuzika na majirani. Mwaka muzima ulikuwa unalia usiku, unafikiri nimelala. Halafu mutu anakuja kuomba kitu kilekile, na unamufukuza."

Na ndipo mtu mwenye vumbi hadi kwenye nyusi aliposimama langoni. Alikuwa amekwenda barabarani kungoja wafungwa, na alipoona hawaji, akaja mwenyewe.

"Nimerudi," alisema Paul. "Mutoe kaka yangu."

Komanda alimwendea polepole. Kila mtu alidhani atampiga.

"Ulimuzika?"

"Nilimuzika, komanda. Nilimulaza na mikono yangu."

"Uso wake uliuona?"

"Niliuona."

Komanda alitikisa kichwa mara nyingi, machozi yakimtoka mbele ya walinzi wake.

"Mimi wangu sikumuona," alisema, kisha akamwambia Florent afunge mkanda wake, aende kufungua mlango, watoke wote wawili, na Paul asiingie.