Tumbo la Chumba cha Uani

Jumatatu moja asubuhi, msusi alikuwa katikati ya kichwa cha mteja, vidole vikienda vyenyewe kama kawaida, mara harufu ya mafuta ya nywele ikamgeuka. Alitoka mbio akatapika nyuma ya saluni.

"Hongera," mteja akamwambia aliporudi, kichwa nusu kimesukwa.

Msusi hakucheka. Dada yake alifia leba, yeye akiwa amemshika mkono, na tangu siku hiyo aliapa kuwa yeye hatabeba mimba. Sindano ya kuzuia mimba hakuwahi kuiruka hata mara moja. Alinunua kipimo cha mimba. Mstari mmoja. Wiki iliyofuata akanunua kingine. Mstari mmoja. Lakini matiti yalimjaa, sketi zikakataa kufunga, na siku moja akinywa chai, kitu kikampiga teke chini ya mbavu.

Hospitali walimpaka ute wa baridi tumboni, wakamgeuzia kioo cha mashine ajionee. "Hakuna kitu, mama. Hofu nayo huota tumbo. Kapumzike."

Mumewe, dereva wa malori, naye kwenye simu akasema vivyo hivyo.

Basi akapumzika, ndani ya chumba cha uani walichopanga miezi mitano nyuma. Mwenye nyumba, mama mtu mzima mpole, ndiye pekee aliyemwamini. Alimpokonya hata ndoo ya maji.

"Usinyanyue vizito, mwanangu. Yule wa kabla yako hakunisikia."

"Yeye alihamia wapi?"

"Nani kakwambia alihama?" Akaenda zake kuanika nguo.

Ijumaa mchana, jua likiwaka nje, uchungu ukaanza. Msusi alijikokota mpaka mlangoni. Komeo lilikuwa wazi. Mlango haukufunguka. Akagonga. Akaita. Ndala zikaja taratibu, zikasimama upande wa pili.

"Mama, nifungulie."

"Sukuma," sauti ya mwenye nyumba ikanong'ona.

Akasukuma kwa bega. Haukutikisika.

"Sukuma, mwanangu. Kichwa nakiona."

Mlango ulikuwa wa mbao nzima. Haukuwa na tundu.

Nyuma yake kitanda kikalia, kama mtu anayejisogeza kumpisha mwenzake.

Mumewe alimkuta jioni, amelala sakafuni, mlango wazi. Tumbo lilikuwa bapa. Sakafu ilikuwa imepigwa deki, bado mbichi. Mwenye nyumba alishangaa kama wao. Alikuwa kwa mdogo wake tangu asubuhi, na mdogo mtu akathibitisha. Walihama siku hiyo hiyo, godoro likiburuzwa bila hata kufungwa kamba.

Ni uchovu, walimwambia, na yeye akakubali, maana angefanyaje? Ilimchukua miaka mitatu kuthubutu kubeba mimba ya kweli. Hiyo ilionekana kwenye kipimo, ikaonekana kwenye kioo, na hofu ikaanza kumlegea. Siku ya kujifungua, mkunga alimkagua kwa muda mrefu, akavua glavu, akaisoma kadi yake mara mbili.

"Umeandika hii ni ya kwanza."

"Ndiyo ya kwanza."

Mkunga akamtazama mume aliyesimama mlangoni, akainama mpaka sikioni mwa msusi.

"Mama, sitamwambia mtu. Ila lazima nijue. Hapa ulishonwa zamani. Wa kwanza yuko wapi?"